Jagi la Mtihani

Mama mkwe wangu, Golapjan, alikuwa bingwa wa kuhara katika kijiji chote cha Kolmidanga. Si kwamba alikuwa mgonjwa. Tumbo lake lilisaga chochote, kama kinu. Ila hakuna mwanamke aliyeweza kuyasema masharti saba ya mtoto anayehara kama alivyoyasema yeye: macho kayafumba, mkono kifuani, bila kumeza mate.

"La kwanza, chumvi ya vidole vitatu, mpaka mstari wa kwanza wa kidole cha shahada. La pili, sukari guru, konzi moja ya vidole vinne. La tatu, maji safi, nusu lita. La nne, koroga, onja, isizidi chumvi ya machozi. La tano, mpe kila akienda choo, kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri kidogo, anza tena. La sita, usimnyime ziwa wala chakula. La saba, tazama macho yasididimie, tazama mkojo. Mkojo ukirudi, mtoto amerudi."

Tulifundishwa na Dada Hasna, aliyekuja kwa mtumbwi mwezi wa Ashar, mvua zilipoanza. Alikaa siku tatu, akaingia jiko moja baada ya jingine, akatushika mikono na kuitia kwenye chumvi. Mwalimu mzuri. Wakati wa kuondoka alisema kwamba baada ya miezi miwili atakuja mkaguzi, apige kura, achague wanawake wachache na kuwauliza wanachokumbuka.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu maneno yale yalimfikia Matbor Dobir, mkubwa wa kijiji chetu.

Baushkhali, kijiji cha ng'ambo, walikuwa wamekwisha kaguliwa na kupata daraja la kwanza. Mkubwa wao alipiga makasia saa nzima kuja kuswali Ijumaa kwetu, akaswali, akatutajia daraja lao, akarudi. Matbor Dobir hakula siku mbili. Siku ya tatu alitoka na uamuzi. Kwanza, kura ni kamari, na kamari ni haramu, kwa hiyo mkaguzi atawakuta wanawake wote barazani kwake, wamepangwa kwa ubora. Pili, tutafanya mazoezi kila alasiri, naye atapiga mapigo kwa fimbo. Tatu, kutakuwa na jagi moja la dawa, la kijiji kizima, litengenezwe asubuhi ya mtihani na kuwekwa juu ya meza, mkaguzi alione.

Likazuka suala la vidole. Vidole vitatu vya nani? Vya Rahela, jirani yangu, vilikuwa vinene. Chumvi yake ingemtosha ng'ombe. Vyangu vyembamba, vilidondosha nusu njiani. Wazee wanne walikaa kutwa nzima wakipima vidole vya wake zao kwa uzi. Mwisho wakakubaliana kwamba vidole vya Golapjan ndivyo vidole vya Kolmidanga.

Tangu siku hiyo mama mkwe wangu hakugusa kazi. Alivifunga vidole vile vitatu kwa kitambaa cheupe ili visivimbe, visikwaruzwe, visibadilike kipimo. Kula hakuweza, maana mkono wa kulia umefungwa na wa kushoto una kazi yake nyingine. Kwa hiyo nilimlisha mimi.

"Kwa kijiko," aliniambia. "Mkono wako unashika nepi."

Basi nikawa na watoto wawili. Mmoja, Moyna, mwenye miezi tisa, aliyenyonya akacheka. Wa pili, mwenye miaka hamsini na nane, aliyelalamika kwamba wali umepoa. Mume wangu, Motaleb, alikuwa mjini akibeba matofali, hakuona hata moja kati ya haya, na nilipomsimulia baadaye aliniuliza kama nilipigwa na jua.

Mkaguzi alitangaza kuja Alhamisi. Moyna alianza kuhara Jumatano alfajiri.

Ilikuwa mwezi wa Bhadro, kilele cha mafuriko, maji yamekizunguka kila kiwanja. Kufika adhuhuri alikuwa ameendesha mara nane, maji matupu kama ya kuoshea mchele. Macho yalianza kuingia ndani. Nepi ya mkojo ya mwisho nilikuwa nimeifua asubuhi, na tangu hapo nilimpapasa kila mara nikitafuta unyevu usiokuwa wa ugonjwa. Sikuupata.

Nikamwendea mama mkwe, aliyekuwa amekaa kitandani akitazama vidole vyake.

"Mama, Moyna hajakojoa tangu asubuhi. Tumtengenezee."

"Tumtengenezee nini?"

"Hiyo unayoisema kila siku."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Bibi arusi, ile ni ya mtihani. Mtoto anatoa maji huku, wewe unataka kumtia maji huku. Mfuko umetoboka, utaujaza? Mwache akauke, tumbo litafunga lenyewe. Motaleb nilimkausha hivyo hivyo, na leo anabeba matofali."

"Na wale wawili waliomtangulia Motaleb?"

Aliinuka, akaenda kwenye mtungi wa maji ya kunywa, akaukalia. Kisima cha pampu kilikuwa chini ya maji ya mafuriko, na mtungi ule ndio maji safi tuliyokuwa nayo nyumbani. Aliketi juu ya kifuniko chake, vidole vitatu vimeinuliwa hewani, kama kuku anayeatamia mayai huku akitoa salamu.

"La sita linasema usimnyime ziwa," nilimwambia.

"Najua la sita linasemaje. Nalisema vizuri kuliko wewe."

Nilikaa chini nikampa Moyna ziwa mbele yake. Alivuta mara mbili akaliachia. Nguvu za kunyonya zilikuwa zimemwisha.

Nikamfunga kiunoni, nikavuka maji yanayofika magotini mpaka kwa Matbor. Maji ningeyapata kwake na chumvi kila jiko lilikuwa nayo. Tatizo lilikuwa sukari guru. Mitende inayotupa sukari hiyo haigemwi mpaka majira ya baridi, duka la sokoni lilikuwa chini ya maji na mwenye duka juu ya paa lake, na vipande saba vya mwisho vilivyobaki kijijini Matbor alikuwa amevikusanya vyote, ili kichaguliwe chenye rangi ya mtihani.

Nilimkuta amevipanga mkekani kuanzia cheupe hadi cheusi.

"Bwana Matbor, naomba sukari guru. Konzi moja tu."

"Ya nini?"

"Moyna anaendesha."

Aliweka fimbo chini. "Tangu lini?"

"Alfajiri."

"Amechagua siku mbaya."

"Hajachagua. Ana miezi tisa."

"Mwambie basi avumilie mpaka Ijumaa. Ijumaa nakupa kipande kizima, na kikapu chake."

"Ijumaa huenda nikakuomba sanda."

Aliona haya, sitamsingizia. Alivitazama vile vipande, akamtazama mtoto, akavitazama tena vipande. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetakiwa kuchagua kati ya wazazi wake wawili.

"Sikiliza, binti yangu. Nikikimega kimoja, wengine sita watauliza kwa nini si cha kwao. Halafu mkaguzi akikuta mtoto anayehara kijijini atasema hatujui kitu. Huyu mtoto afichwe."

"Nitamficha na harufu?"

"Basi tumsomee," alisema, na akapata nguvu mara moja, kama mtu aliyeona mlango. "Naam. Wanawake waje, tumsomee masharti yote. Litakuwa ni zoezi pia."

Wakaja. Wanawake ishirini na tisa walimzunguka mwanangu barazani, Matbor akapiga fimbo, na masharti saba yakasomwa kwa sauti moja juu ya kichwa chake, mara tatu, mama mkwe wangu akiongoza. Walipofika "mpe kijiko kwa kijiko", wote waliinamisha mikono mitupu kama walivyofundishwa. Moyna aliwatazama kwa macho yale makubwa yaliyoingia ndani, akatapika juu ya sari ya Rahela.

"Hata mtoto ameyachoka," alisema Rahela.

"Kimya," alisema Matbor. "Alitapika kwenye la tano. Anafuata."

Rahela alinisindikiza nyumbani. Njiani aliniambia, "Shoga, mimi nina chumvi, na nina vidole vya ng'ombe. Ila sukari guru yangu iko kule mkekani, ni ile ya nne." Akanipa maji ya wali, bakuli moja, na chumvi kidogo ndani yake. Moyna aliyanywa nusu yake kabla Golapjan hajatokea mlangoni na kulimwaga bakuli kwa mguu, kwa kuwa mikono haikuruhusiwa.

Kulipopambazuka Alhamisi nepi ilikuwa bado kavu pale nilipotaka ilowe. Ngozi ya tumbo nilipoivuta ilibaki imesimama. Moyna hakulia tena. Wanaosema mtoto mkimya ni baraka hawajawahi kumsikia akinyamaza hivyo.

Saa mbili asubuhi, mbele ya kijiji kizima, mama mkwe wangu alifunguliwa vidole. Matbor mwenyewe alikifungua kitambaa. Vilitoka vyeupe, vimekunjamana kama vya maiti, lakini vilikuwa na kipimo chake. Jagi la shaba lilikuwa la mahari ya mke wa Matbor, lililosuguliwa kwa majivu na ukwaju mpaka ukaona meno yako ndani yake. Maji yalichemshwa, yakapozwa kwa kupepewa. Vidole vitatu vikaingia kwenye chumvi, vikatoka, vikadondosha. Watu walishusha pumzi. Konzi ya sukari guru ikafuata, kutoka kipande cha pili, na mwenye kipande hicho aliangalia pembeni kuficha machozi ya fahari. Golapjan akakoroga, akaonja.

"Machozi," alitangaza.

Jagi likawekwa mezani, likavishwa shada la maua, likafunikwa kwa kitambaa cha kantha kilichodariziwa tausi. Matbor akasema atakayeligusa kabla ya mkaguzi hatazikwa kijijini hapo. Wanawake tukapangwa kwa ubora. Bingwa akakaa mbele kabisa, bega kwa bega na meza. Mimi nilikuwa wa ishirini na sita kwa ubora, lakini nilikaa karibu naye, kwa kuwa vidole vyake vilifungwa tena mara moja, akisubiri kuvionyesha, na alihitaji mtu wa kumlisha.

Kwa hiyo nilikuwa na Moyna mapajani, meza begani, na kijiko mkononi.

Mkaguzi, Bwana Serajul, alishuka kwenye mtumbwi saa nne. Kijana mwembamba, daftari chini ya kwapa, suruali imekunjwa mpaka magoti. Aliomba apewe majina, apige kura, aende majumbani. Matbor akamwambia aketi kwanza. Kisha akaanza hotuba ya kumkaribisha, na hotuba za Matbor huanzia kwa babu yake aliyekata msitu.

Babu alipoinua shoka, niliingiza kijiko chini ya kantha.

Kijiko cha kwanza kilimwagika shavuni. Cha pili kiliingia. Moyna aliramba mdomo. Cha tatu alikingojea. Cha nne alikishika kwa fizi na hakutaka kukiachia. Kwenye cha kumi alitapika kidogo, nikafuta kwa upindo wa sari, nikasubiri mpaka babu yake Matbor alipooa, nikaanza tena. Rahela, aliyekuwa nyuma yangu, alianza kukohoa kila kijiko kilipogonga shaba.

"Mpeni maji yule mama," alisema mkaguzi.

"Hapana," alisema Matbor haraka. "Yuko sawa."

Babu alikufa, baba akaingia, mafuriko mawili yakapita, na jagi likawa limepungua robo. Hapo hotuba ikaisha ghafla. Matbor alibana fimbo kwapani akasema, "Sasa, Bwana Mkaguzi, bingwa wetu ataanza. Akimaliza, tutafunua."

Golapjan alisimama. Na aliposimama, akageuka kukiweka sawa kitambaa cha kichwa, akaniona. Kijiko kilikuwa katikati ya njia, kati ya tausi na mdomo wa Moyna.

Sikukishusha. Nilimtazama tu. Moyna naye hakumtazama yeyote ila kijiko, akakinyooshea vidole vyake vitano vilivyolegea, akakivuta.

Niliuona uso wa mama mkwe wangu. Sijui alimwona nani pale mapajani, Moyna au mmoja wa wale wawili waliomtangulia Motaleb, ambao majina yao hayatajwi nyumbani kwetu. Najua tu kwamba alifumba macho, akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti ya kufika Baushkhali:

"La kwanza. Sukari guru ya vidole vitatu."

Fimbo ya Matbor ilianguka.

"Chumvi," alinong'ona Matbor. "Chumvi, dada yangu."

"Samahani. Naanza upya. La kwanza, chumvi." Akanyamaza kwa muda wa vijiko vitatu. "La pili, chumvi."

"Ulishaitia," alisema mkaguzi kwa upole.

"Mimi ni mzee, baba. Naanza upya."

Bingwa wa Kolmidanga alikosea masharti yale kwa saa moja na zaidi. Aliyakosea kwa namna ambazo hakuna mjinga angeweza kuzibuni. Alitia konzi ya chumvi kwenye kijiko cha maji. Alikoroga kabla ya kutia. Alifika la sita akarudi la pili, akaliita la nane, akaomba msamaha, akaanza upya. Wanawake walianza kulia. Mke wa mzee mmoja aliyepima vidole alitolewa nje akipepewa. Matbor alikuwa ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili. Na mkaguzi, kijana mwenye adabu, aliandika kila kosa, akafungua ukurasa wa pili, akafungua wa tatu.

Lakini nikagundua kitu. Kila alipofika la tano hakulikosea hata mara moja. Alilisema polepole, kwa sauti yake ya zamani, akinitazama kwa pembe ya jicho. "Kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri kidogo. Anza tena." Nami nilifuata. Alikuwa ameyasema maneno yale miezi miwili, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyoyasikia.

Kijiko kikakwaruza shaba tupu.

Aliisikia sauti ile. Akamaliza masharti yote saba kwa pumzi moja, bila kosa, mpaka "mkojo ukirudi, mtoto amerudi", akakaa.

Matbor, aliyekuwa na sura ya mtu aliyefiwa, alijikokota mpaka mezani. "Pamoja na hayo yote, Bwana Mkaguzi," alisema, "jagi letu liko kamili." Akafunua tausi.

Alitazama ndani. Aliligeuza. Tone moja lilidondoka, likakaa mezani, likatutazama.

"Nani amekunywa mtihani?" aliuliza.

Nilimwinua Moyna mbele yangu ili wote wamwone, kwa sababu sikuwa na nia ya kuficha. Matbor akamdaka kutoka mikononi mwangu, akamnyanyua juu, uso kwa uso, kama mtu anayekagua samaki.

"Wewe?" alimwuliza.

Moyna akamkojolea.

Haukuwa mkojo mwingi. Ulikuwa mwembamba, wa manjano iliyokoza, na ulishuka kwenye kanzu nyeupe ya mtihani kuanzia kifungo cha pili mpaka kiunoni, taratibu, bila haraka, kama mtu anayetia sahihi. Baraza zima tuliutazama. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Golapjan aliinuka. Alikifungua kitambaa kwa meno, akakitupa chini, akanyoosha vidole vile vitatu vya kijiji na kuvibandika kwenye kifua cha Matbor. Alivinusa.

"Ni mkojo," alisema. "Si ugonjwa. Ni mkojo mtupu." Kisha akakaa chini palepale, akalia kilio ambacho nadhani kilikuwa kimesubiri miaka thelathini.

Mkaguzi alikuwa amesimama. Akaniuliza jina langu.

"Kohinur."

"Mtoto aliendesha tangu lini?"

"Jana alfajiri."

"Umempa kiasi gani?"

"Jagi zima."

Aligeuza kurasa za daftari mpaka mwisho, kwenye safu moja nyembamba. Nilikuwa karibu, nikaiona. Ilikuwa nyeupe kutoka juu hadi chini, na majina ya vijiji pembeni yake, Baushkhali kikiwemo.

"Hii ni ya nini?" aliuliza Matbor, mtoto angali juu.

"Ya waliowahi kuitumia," alisema mkaguzi. Akaandika jina langu hapo. "Kwa kukumbuka, Bwana Matbor, sitakuficha, mmefanya vibaya kuliko kijiji chochote nilichokikagua. Lakini hapa mko peke yenu."

Matbor alifikiri. Ungeweza kuona fikra ikimpanda usoni, kutoka kidevuni mpaka kwenye paji. "Peke yetu," alirudia. "Kuwashinda Baushkhali?"

"Baushkhali hawana jina."

Matbor akamshusha Moyna na kumpakata vizuri kwa mara ya kwanza. Akaagiza vipande vyote saba vya sukari guru viletwe, na mwenye mtoto anayehara ajichukulie, aanze Kohinur, maana Moyna alikuwa ameshaendesha tena, mkononi mwake safari hii, na hakuna aliyeona ni jambo la kushangaza. Golapjan alitengeneza jagi la pili akiwa amekaa pale pale sakafuni, bila kupima kwa uzi, bila shada, akaonja, na kijiko akakiomba yeye.

Ile kanzu Matbor hakuifua. Ijumaa alipiga makasia saa nzima mpaka Baushkhali, akaivaa ilivyo juu ya nyingine safi ya kuswalia, akaivua mlangoni mwa msikiti wao na kumwachia mkubwa wao aishike mpaka swala iishe.

Nyumbani, jioni ile ya Alhamisi, nilimvua Moyna nepi ya tatu yenye unyevu niliokuwa nautafuta. Nikapakua wali. Mama mkwe aliketi mbele ya sahani, akafumba macho, akafungua kinywa akingoja.

"Mama," nilimwambia, "vidole vimerudi kazini."

Alifumbua jicho moja. Akavitazama, akavitumbukiza kwenye wali.

"Umepoa," alisema, akala.